Waya wa pikapu ya gitaa: wa pamba, wa wavu, wa njia nne, au uliopo dukani mtaani?

Gitaa la umeme likinyamaza katikati ya wimbo, mkono wa kwanza huenda kwenye kebo, wa pili kwenye jeki, wa tatu kwenye ampli. Mara nyingi ugonjwa uko huko. Lakini lipo gitaa lile linalokata sauti ukisukuma swichi, linarudi ukiliinamisha, na ukilifungua unakuta waya unaotoka kwenye pikapu, kile kijisanduku cha sumaku na koili kilicho chini ya nyuzi na kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, umekakamaa kama kijiti, ganda limepasuka, na kati ya vinyuzi saba vya shaba vimebaki viwili vinavyoshikilia. Pikapu yenyewe nzima. Kilichokufa ni sentimita 20 za waya.

Nibadilishe kwa waya gani? Ukiingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo ukasema unatafuta waya wa pikapu, uwe tayari kuulizwa ni Hilux au Navara. Ukienda kwenye maduka ya mtandaoni ya nje, unakutana na wanaouza nusu mita ya waya wa pamba kwa maneno ya muuza udi. Katikati ya hao wawili umesimama wewe na gitaa lililofunguliwa, na shoo ni Jumamosi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Waya wa pikapu huchaguliwa kwa idadi ya ncha za koili, kwa kinga dhidi ya kelele, na kwa jinsi ganda lake linavyovumilia moto wa kulehemu. Sauti haimo katika orodha hiyo. Najua hapo nimeshawaudhi watu, basi tuanze hapohapo.

Hilo la sauti tulimalize

Ndani ya pikapu ya Stratocaster (Strat kwa kifupi), gitaa la Fender, kuna waya wa shaba wa namba 42, unene wake milimita 0.063 hivi, yaani kama unywele, umezungushwa karibu mara 8,000. Ukiweka mita ya kupimia ukinzani unasoma omu 6,000 hivi, nyingine kidogo chini, nyingine kidogo juu. Hambaka, yaani pikapu za koili mbili, za mtindo wa Gibson wa mwaka 1957 hucheza kati ya 7,000 na 8,500.

Sasa chukua waya wa kutolea sauti. Namba za Kimarekani za waya huenda kinyume: namba ikipanda, waya unakonda. Namba 22 ina unene wa milimita 0.64, na sentimita 30 zake zina ukinzani wa omu 0.016. Namba 28, ambao ni waya mwembamba kabisa, urefu huohuo una omu 0.064. Unalinganisha sehemu hizo ndogo za omu moja na koili ya omu elfu sita. Nzi akitua juu ya lori la mchanga, dereva hahisi.

Kinachoweza kugusa sauti angalau kidogo ni kapasitansi, ule uwezo wa waya wenye kinga kushikilia chaji kati ya kiini na wavu. Sentimita 30 za waya wa namna hiyo huongeza pikofaradi 50 hivi. Piga hesabu: pikapu ya Strat yenye henri 2.4, pamoja na kebo ya jukwaani na vingine vyote jumla pikofaradi 600, kilele chake cha mlio kinakaa karibu hezi 4,200. Ongeza hizo 50, kinashuka hadi karibu 4,030. Ni asilimia 4. Mpiga mi-solo, lile gitaa la kati la rumba, anayetaka nyuzi zilie kama kengele aangalie kwanza kebo yake: akitoka kwenye kebo ya mita 3 kwenda ya mita 6, ya kawaida ya pikofaradi 100 kwa mita, ameongeza 300, mara sita ya kile anachobishania ndani ya gitaa.

Kwa hiyo mtu akikuambia pamba iliyopakwa nta inaleta utamu, mshukuru, uendelee na kazi yako. Sababu moja tu ya pamba naiheshimu isiyohusu ufundi: gitaa la zamani kweli, la miaka ya 1950 au 1960, ambalo mwenyewe anataka ndani libaki lilivyotoka kiwandani. Hilo ni suala la thamani ya kitu, na ni haki yake.

Hesabu ncha kabla hujahesabu pesa

Koili moja ina ncha mbili, mwanzo na mwisho. Hambaka ni koili mbili, kwa hiyo ncha nne. Seth Lover alipoibuni hambaka kwa ajili ya Gibson mwaka 1955, koili hizo ziliunganishwa humohumo ndani na nje ukatoka waya mmoja: kiini kinabeba sauti, wavu wa nje ni ethi, yaani njia ya kurudi. Njia mbili tu, na kwa kazi aliyoikusudia, ya kuua mvumo, zinatosha kabisa.

Shida inaanza pale mwenye gitaa anapotaka zaidi. Anataka kuzima koili moja ili hambaka ilie nyembamba kama ya Strat. Au anataka kugeuza mwelekeo wa pikapu moja ili mbili zikipigwa pamoja zitoe ile sauti ya puani. Kwa waya wa njia mbili hilo la kwanza haliwezekani mpaka ufungue pikapu, na la pili ni baya zaidi: wavu umeunganishwa na bamba la chini na kifuniko cha chuma, hivyo ukigeuza miguu ya waya, chuma chote cha pikapu kinakuwa upande wa sauti. Ukikigusa kwa kidole, ampli inanguruma.

Telecaster (Tele), gitaa jingine la Fender, ina mtego wake kwenye pikapu ya shingoni. Kifuniko chake cha chuma kimefungwa na ncha ya ethi ya koili kwa kipande kifupi cha waya ambacho wengi hawakioni. Siku utakayoweka swichi ya nafasi nne ili pikapu mbili zipige kwa mfuatano, kifuniko hicho kinaingia katikati ya njia ya sauti. Dawa yake ni kukata kile kipande na kukipa kifuniko waya wake wa tatu unaokwenda ethi peke yake. Kama tayari umefungua ili kubadilisha waya, weka mitatu leo. Usije ukafungua mara mbili kitu chenye nyuzi za unywele.

Ndiyo maana nasema idadi ya njia ndiyo uamuzi wa kwanza. Rangi, kampuni, pamba, plastiki, vyote unaweza kubadili mawazo kesho. Idadi ya njia ukikosea, kesho unarudi ndani ya pikapu, unayeyusha lehemu ya kifuniko, unabandua utepe, na kila ukigusa pale unacheza kamari na koili.

Waya wa pamba

Huu ndio unaouona kwenye magitaa ya Fender ya zamani, kabla hawajahamia plastiki mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwenye nakala nyingi za kisasa. Shaba iliyopakwa bati, namba 22, juu yake pamba iliyosukwa na kupakwa nta. Raha yake ni moja na ni kubwa: humenyi. Unakata, unasukuma pamba nyuma kwa kucha, shaba inatokea, unalehemu, kisha unavuta pamba irudi mpaka kwenye kiungo. Chuma cha kulehemu kikigusa ganda bahati mbaya, pamba inaungua ukingo kidogo, haiyeyuki ikaacha shaba uchi.

Unapatikana wa aina mbili, wenye kiini kimoja kigumu na wenye vinyuzi saba. Kigumu hukunjika na kubaki ulivyokikunja, kazi inaonekana nadhifu ndani ya tundu. Ila kwa waya unaotoka kwenye pikapu mimi nachukua vinyuzi saba. Pikapu hupandishwa na kushushwa kwa skrubu, bamba hufunguliwa na kufungwa, na kiini kigumu hakipendi kukunjwa mahali pamoja mara nyingi.

Ubaya wake: hauna kinga yoyote. Sokota waya wa sauti na wa ethi pamoja ili kelele ipungue kidogo, lakini usitarajie miujiza. Na ncha zake hufumuka kama mkeka uliokatwa vibaya, hivyo usikate kwa mkasi butu.

Waya wa wavu

Waya wa Gibson. Kiini kilichovikwa kitambaa, juu yake wavu wa shaba iliyopakwa bati, ukiwa wazi kabisa bila ganda la nje. Kinga ni nzuri kuliko yote, kwa sababu wavu unafunika mwanzo hadi mwisho. Unavumilia joto vizuri sana. Wavu unalehemu moja kwa moja juu ya mgongo wa volyumu, na kitambaa cha ndani hakijali.

Unataka chuma chenye nguvu, lakini. Wavu hunywa lehemu na hunywa joto. Kile kichuma cha wati 25 cha kurekebishia simu kitakuacha umekibandika dakika nzima, na dakika nzima ndiyo inayoua volyumu.

Kosa linalorudi kila siku kwenye waya huu ni uleule uchi wake. Wavu ni ethi, na upo wazi. Ukigusana na mguu wa swichi wenye sauti, gitaa linanyamaza. Kwenye magitaa yenye tundu la sauti kama ES-335, ambako waya unaelea ndani ya tumbo usipouona, mimi huvisha mpira wa kusinyaa, ule mrija unaobana ukipashwa moto, sehemu yote inayopita karibu na swichi. Aliwahi kuniletea kijana mmoja gitaa la namna hiyo baada ya kulipitisha kwa mafundi wawili. "Fundi, likiwa mezani linapiga, nikilivaa linakufa." Waya ulikuwa unaning'inia, likilala chali haugusi, likisimama unagusa. Kazi ya mpira wa shilingi mia mbili.

Waya wa njia nne

Nyaya nne nyembamba za rangi, waya mmoja usio na ganda, na kinga ya karatasi ya chuma au ya vinyuzi vilivyozungushwa, vyote ndani ya ganda moja jembamba la plastiki. Ndio unaotoka kwenye hambaka nyingi za kisasa. Kwa hambaka, kama huna sababu ya kuchagua kingine, chagua huu. Ncha zote nne za koili zinafika nje, na leo hata kama hutaki kukata koili, unaunganisha mbili za katikati, unazifunika, basi. Kesho ukitaka, zipo.

Na kwa kuwa ethi ya chuma ina waya wake peke yake, ule usio na ganda, unaweza kugeuza miguu ya koili upendavyo huku kifuniko kikibaki ethi.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: nyaya zake ni nyembamba, namba 28 au karibu na hapo, na ganda la kila moja hurudi nyuma kama konokono ukiweka chuma sekunde tatu. Huu ni waya wa kufanya kazi haraka. Paka lehemu kwenye ncha, paka lehemu mahali unapobandika, kisha gusanisha mara moja utoe mkono.

Halafu rangi. Kila kampuni ina yake, na kuchanganya ni rahisi kuliko kukosea njia Kariakoo. Seymour Duncan: nyeusi ndiyo sauti, nyekundu na nyeupe zinaunganishwa pamoja, kijani ni ethi. DiMarzio: nyekundu ndiyo sauti, nyeusi na nyeupe zinaunganishwa, kijani ethi. Ona hapo, nyeusi ya mmoja ni sauti na ya mwingine ni ya katikati. Hambaka za bei rahisi zisizo na jina zina mpangilio wa aliyezifunga siku hiyo. Usiamini rangi, amini mita: tafuta jozi mbili zinazosoma omu elfu tatu na kitu hadi elfu nne na kitu kila moja, hizo ndizo koili zako. Kisha kwa mita ya mshale iliyowekwa kwenye volti ndogo kabisa, gusisha bisibisi ya chuma kwenye vichwa vya pikapu na kuibandua ghafla, uone mshale unaruka upande gani. Fanya hivyo kwa koili zote mbili na utajua ipi ni chanya ya ipi.

Teflon na silikoni, kwa ufupi

Ganda la Teflon linakaa salama hadi nyuzijoto 260. Huwezi kuliunguza kwa bahati mbaya. Lakini linateleza, kulimenya kunataka kisu kikali na mkono uliotulia, na ni gumu kukunja. Silikoni ni laini kama tambi iliyoiva, inavumilia joto vizuri ingawa si kama Teflon, ila ganda lake ni nene na linachanika likikwaruzwa. Kwa pikapu zote mbili ni anasa. Ukiwa nazo, tumia. Usiagize kutoka nje kwa ajili yake.

Wa mtaani

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishi, basi nikae kidogo.

Waya wa maiki, wenye nyaya mbili na kinga, ndio rafiki wa kweli. Njia mbili safi na kinga ya tatu: hambaka ya njia mbili unaweza kuigeuza iwe na ethi yake ya peke yake, na Tele ya shingoni inapata ule waya wa tatu wa kifuniko. Tatizo ni unene. Waya wa kawaida wa maiki una milimita 6 kwa nje na hautapita kwenye kitobo cha gitaa kama kuna mwenzake humo. Kata ganda la nje kwa urefu ulivuue kama ganda la muhogo. Mnaobaki nao ndani ni wembamba. Vika mpira wa kusinyaa mahali wavu unapoweza kugusa swichi.

Waya wenye kiini kimoja na kinga uliomo ndani ya deki za kanda za zamani na redio kubwa za mbao ni mzuri kuliko wengi wanavyodhani. Ni mwembamba, laini, na ulitengenezwa kwa kazi hiihii ya kubeba sauti ndogo bila kelele. Kabla ya kutupa deki, ifungue.

Waya wa intaneti, ule wa jozi nne zilizosokotwa, kila mtu anao mita tano chini ya meza. Ule wa kutandaza ukutani ni kiini kigumu cha nusu milimita, namba 24. Ndani ya tundu la volyumu, kuunganisha mguu mmoja na mwingine usiosogea, unafaa. Kutoka kwenye pikapu haufai; ukunje mara chache mahali pamoja unakatika ndani ya ganda lake, na utautafuta ugonjwa usiku kucha kwa sababu nje unaonekana mzima.

Na kuna hila. Sehemu kubwa ya waya wa bei ya chini sokoni si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unakatika upesi, na lehemu inapoila ile ngozi ya shaba, aluminiamu iliyo chini haishiki. Kipimo ni wembe. Kwaruza: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, kimbia. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, nunua hata mita kumi. Kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, bati hilo lina maana ya ziada, kwa sababu hewa ya chumvi hugeuza shaba tupu kuwa kijani ndani ya ganda na lehemu haikamati tena.

Waya wa hedifoni za simu achana nao. Vinyuzi vyake vimepakwa rangi inayozuia umeme na kuchanganywa na uzi wa nguo. Unalehemu, unaona imeshika, kumbe imekaa juu tu.

Waya wa gari wa plastiki ya kawaida unafanya kazi kwa Strat, bila ubishi, mradi uwe mwembamba. Wa taa kubwa ni mnene mno na utavuta kiungo cha koili kila unapofunga bamba.

| Waya | Njia | Kinga | Mbele ya moto | Kazi ninayoupa |
|---|---|---|---|---|
| Pamba, vinyuzi saba | 1 kila mmoja | hakuna | unasamehe | Strat, Tele |
| Wavu | 2 | kamili | unasamehe, unataka chuma kikubwa | hambaka isiyobadilishwa |
| Njia nne | 4 na ethi | nzuri | unayeyuka upesi | hambaka yoyote ya kisasa |
| Maiki uliovuliwa ganda | 2 na ethi | nzuri | wastani | Tele ya shingoni, hambaka ya kugeuza |
| Kutoka deki ya zamani | 2 | nzuri | unayeyuka upesi | pikapu ya koili moja yenye kelele |
| Intaneti wa ukutani | 1 kila mmoja | hakuna | wastani | ndani ya tundu tu |

Kelele ipi unayoitibu?

Swali hili linawachanganya watu kuliko mengine. "Fundi, niwekee waya wenye kinga mvumo uishe." Mvumo wa chini, ule wa hezi 50 wa umeme wetu wa nyumbani, kwenye pikapu ya koili moja unaingia kupitia koili yenyewe kwa njia ya sumaku. Hata ukivika waya dhahabu, koili bado ni antena. Geuka na gitaa ukiangalia ampli, mvumo unapanda na kushuka. Huo ni wa sumaku, na dawa yake ni hambaka au pikapu ya katikati iliyogeuzwa mizunguko na sumaku.

Ila ule mkwaruzo wa juu unaotoka kwa taa za LED, chaja na feni zenye kidhibiti, unaopungua ukishika nyuzi kwa mkono, huo unazuilika. Kinga ya waya inasaidia hapo, na utepe wa shaba ndani ya tundu lote unasaidia zaidi. Kama bajeti inaruhusu kimoja, nunua utepe.

Mezani

Strat ya mteja wa kawaida: pamba ya vinyuzi saba, au plastiki yoyote nyembamba ya shaba iliyopakwa bati, sentimita 25, sokota jozi. Les Paul ya Gibson: pikapu ya shingoni inasafiri mbali hadi kwenye volyumu, kata sentimita 40 au zaidi, njia nne kama mwenyewe ni mtu wa kubadilibadilisha, wavu kama ni mtu aliyeridhika na gitaa lake. Watu walioridhika wapo, wachache.

Na njia salama kuliko zote ya kubadilisha ni kutoifikia koili kabisa. Kama waya wa zamani bado una sentimita 3 nzima karibu na pikapu, kata hapo, unga waya mpya juu yake, vika mpira wa kusinyaa. Kama ni njia nne, pishanisha viungo, kimoja mbele kingine nyuma, ili visigusane wala kufanya uvimbe usiopita kitoboni. Hakuna sikio litakalosikia kiungo hicho.

Ikibidi ufike kwenye kijicho cha koili, pale ncha yake inapolehemewa na waya wa kutokea, tazama kwanza unywele wa shaba ulikofungwa. Usivute waya wa zamani. Yeyusha, acha uanguke wenyewe. Lehemu ya 60/40 huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183, isiyo na risasi inasubiri hadi 217 au 227 kutegemea mchanganyiko wake, kwa hiyo kwa kazi hii ya roho mkononi natumia 60/40 na dirisha wazi. Dawa ya lehemu iwe ya utomvu wa msonobari. Ile ya asidi ya mafundi bomba itaula unywele huo polepole, miezi mitatu baadaye mteja anarudi na wewe umeshasahau ulifanya nini.

Ukimaliza, kabla ya skrubu hata moja, mita. Strat isome kati ya 5,500 na 6,500 au karibu. Hambaka elfu saba hadi tisa, zenye nguvu zaidi hupita hapo. Ikisoma karibu sifuri, wavu umegusa kiini mahali fulani, fumua kiungo. Isiposoma chochote, rudisha pikapu chini ya taa na utafute unywele uliokatika. Ukiwa na bahati, umekatika nje ya kijicho na bado kuna mzunguko mmoja wa kuvuta.